Hati ya Kumrudisha Kitwana

Mansukhlal alikuwa na miaka sabini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumtukana mtu. Si kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa nazo tele, ila zilikuwa hasira za adabu: alizikunja, akazitia mfukoni pamoja na leso, akaendelea kuuza makufuli. Duka lao lilikuwa Mchafukoge, la makufuli, bawaba na vitasa, na aliyekasirika kwa niaba ya ukoo mzima alikuwa kaka yake, Jamnadas. Huyo alikaa mlangoni kwenye kiti chake cha mninga tangu kufungua hadi kufunga, akiwafokea wateja, wapita njia, kunguru na mvua, kila mmoja kwa zamu yake.

Basi Jamnadas akafa. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Alikula chakula cha mchana, akalalamika kwamba dengu hazina chumvi, akajinyoosha kidogo, na hakuamka tena. Mwili ulichomwa kwa taratibu za Kihindu, na kesho yake watu wakakusanyika nyumbani, ghorofa ya tatu juu ya duka, wamevaa nyeupe, wamekaa kwenye mashuka yaliyotandikwa sakafuni, kimya. Kile kiti cha mninga kiliwekwa mbele, na juu yake picha ya marehemu yenye shada la maua.

Hapo ndipo alipoingia Kitwana. Kitwana alikuwa Mzaramo wa Buguruni aliyelisukumia duka lile mkokoteni kwa miaka thelathini, mpaka magoti yalipogoma, akahamia soko la samaki la Feri kuwa mkaangaji. Alikuwa amefunga vifungo vya shati upande upande, kama alivyofunga marehemu. Akaiondoa ile picha taratibu kwa mikono miwili, akamkabidhi Darshana, binti yake Mansukhlal, kisha akakikalia kiti na kuwatazama waombolezaji kwa dharau.

"Haya, mnanunua au mnapapasa tu?" akasema. "Kama hamnunui tokeni, mnanizibia hewa."

Ilikuwa sauti ya Jamnadas mwenyewe, hata kile kikohozi cha mwisho. Bibi mmoja alicheka ndani ya sari yake akajifanya analia. Wengine waliduwaa. Kitwana akainuka, akajitwika kiti kichwani, akatangaza kwamba anayekitaka amfuate Feri akakikomboe, akashuka nacho ngazi zote tatu bila kugusa ukuta. Mtu akiwa mchukuzi kwa miaka thelathini, magoti yanaweza kugoma lakini shingo haisahau.

Mansukhlal aliona fedheha. Kaka yake hajapoa, na mtu amekuja kumfanyia maigizo mbele ya wageni, kisha kamwibia. Tena kiti chenyewe kilikuwa na kazi. Siku ya kumi na tatu, kwa desturi yao, vitu alivyovitumia marehemu hutolewa kwa dua ili roho yake iende bila kuhangaika, na yeyote aliyemfahamu Jamnadas alijua kwamba hawezi kwenda popote pasipo na mahali pa kukaa. Bila kiti kile, Mansukhlal aliamini kabisa, kaka yake angebaki mlangoni mwa dunia akigomba. Alitaka kiti, na alitaka Kitwana aletwe mtaani, asimame mbele ya watu wale wale, aombe radhi.

Darshana alimwambia baba yake kwamba Feri si mbali, aende tu akamwombe. Mansukhlal akauliza tangu lini mwenye mali akamwomba mwizi. Polisi nao hakuwataka, kwa sababu wangetaka risiti ya kiti, na kiti kilinunuliwa kabla yeye mwenyewe hajaota ndevu. Akaenda kwa Benedikta.

Benedikta alikuwa mwanamke wa Songea, muuza vitenge, na katibu wa kamati ya usuluhishi ya wafanyabiashara wa Kariakoo, Mchafukoge ikiwemo. Ujanani alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja mjini, na huko aliwahi kuchapa mkataba kati ya nchi mbili wa kurejeshana watuhumiwa, yaani mtu akifanya kosa kwako akakimbilia kwangu, nikukabidhi umshitaki. Aliupenda mkataba ule kuliko watu wengi aliowafahamu, na nakala yake hakuitupa. Mwaka juzi, kamati ya Kariakoo na kamati ya wakaanga samaki wa Feri zilipochoka na vibaka wanaopokonya huku na kujificha kule, Benedikta aliitoa ile nakala, akafuta jina la nchi ya kwanza akaandika Kariakoo, akafuta la pili akaandika Feri, na pande zote mbili zikatia sahihi kwa makofi na soda. Hakufuta kitu kingine chochote. Kwa hiyo Kariakoo na Feri zilikubaliana pia kurejeshana watekaji wa ndege na watu waliojaribu kumuua mkuu wa nchi.

Tangu kutiwa sahihi, mkataba haukuwahi kutumika hata mara moja. Benedikta alipomsikiliza Mansukhlal, uso ulimng'aa mpaka ikabidi ajikumbushe kwamba mwenzake yuko msibani. Akampa pole upya, kisha akavuta karatasi.

Maombi yaliandikwa kurasa nne. Yalieleza wajihi wa mtuhumiwa, pamoja na ukubwa wa kichwa. Mkataba ulidai maombi yapite kwa balozi, na kwa kuwa Kariakoo haikuwa na balozi mwingine, alipewa bahasha balozi wa nyumba kumi, akapanda nayo bodaboda mpaka Feri akiwa amevaa tai. Siku ya tano jibu likaja: Feri haina desturi ya kumtoa raia wake kienyeji. Siku ya saba likaja jingine: kabla ya lolote, Kariakoo ithibitishe kwa maandishi kwamba mtuhumiwa hatapewa adhabu ya kikatili, na hasa kwamba wakati wote wa kesi hatalishwa dengu. Mansukhlal aliona hilo ni tusi kwa familia. Benedikta akamtuliza kwamba nchi kubwa kubwa ndivyo zinavyofanyiana, akaandika ahadi ya kunde.

Hatimaye kikao kikapangwa siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, hukohuko Feri. Ilibaki siku moja tu.

Mansukhlal aliishi umbali wa dakika ishirini kutoka Feri kwa karibu maisha yake yote, na hakuwahi kukanyaga. Hakula samaki, hakula yai, hata kitunguu alikila kwa mashaka. Alishuka kwenye bajaji na Benedikta akiwa amebana puani leso yenye karafuu, akapita katikati ya ndoo, mizani na mapipa ya mafuta yanayochemka, akiomba kwa miungu yote anayoifahamu asiteleze. Na mwisho wa safu ya wakaangaji, mbele ya karai kubwa, akamwona Kitwana ameketi kwenye kiti cha Jamnadas anageuza samaki aina ya changu.

Kitu kimoja kilimchanganya. Kiti kilikuwa kimefungwa nailoni miguu na mikono, kama godoro jipya, na hakikuwa na tone la mafuta. Muuzaji wa jirani alipotaka kuegemea mgongo wa kiti, Kitwana alimpiga na upawa.

Mwenyekiti wa wakaanga samaki aliitwa Sadalla, mtu mpana mwenye sauti ndogo, ambaye aliupokea mkataba kwa uzito uleule wa Benedikta. Alimwamkia Mansukhlal shikamoo, akampa pole, akamkalisha kwenye kreti la soda, kisha akafungua faili. Akaanza na kifungu cha kwanza, kwani mkataba ulisema vifuatwe vyote kwa mpangilio. Akamuuliza mtuhumiwa kama aliwahi kuteka ndege. Kitwana akasema hapana, hata kupanda hajawahi. Akaulizwa kuhusu kumuua mkuu wa nchi. Akasema siku ya tukio alikuwa na hasira kidogo, lakini si kiasi hicho. Yote yakaandikwa. Samaki wakaendelea kuiva, wateja wakaendelea kujaa, na mama mmoja aliyekuja kununua kibua akapewa kreti akakaa.

Walipofika kifungu cha saba, Sadalla akavua miwani. Kifungu hicho kilisema mtu hatarejeshwa isipokuwa kwa jambo ambalo ni kosa kwa pande zote mbili. Akaeleza, kwa upole wa mtu anayejua ameshika karata nzuri, kwamba kubeba kiti cha marehemu katikati ya msiba huko Kariakoo kunaweza kuwa wizi. Huku Feri, ambako wengi ni Wazaramo na wageni wao, inategemea nani amekibeba. Akikibeba mtu baki, ni wizi. Akikibeba mtani, ni desturi, na mtani asipobeba kitu ndiye anayestahili kushitakiwa, maana amewaacha wafiwa walie peke yao.

Benedikta akasimama kupinga. Yeye ni Mngoni, alisema, utani anaujua tangu tumboni, na hajasikia popote kwamba Mzaramo ana utani na Mhindi.

"Na Mnyamwezi je?" Sadalla akauliza.

Benedikta akakubali kwamba na Mnyamwezi anao, hilo halina ubishi, dunia nzima inajua.

Sadalla akamgeukia Mansukhlal akamuuliza, kwa heshima zote, yeye na marehemu kaka yake walizaliwa wapi. Mansukhlal akajibu kutoka nyuma ya leso kwamba walizaliwa Tabora, baba yao alikuwa na duka kule, wakahamia Dar yeye akiwa na miaka minane. Wakaangaji wakatazamana. Mtu akapiga upawa kwenye karai. Yule mama wa kibua akasema kesi imekwisha, naomba samaki wangu.

Basi Kitwana akaruhusiwa kujieleza, akajieleza bila kuacha kugeuza changu. Alisema siku ya kwanza kabisa kusukuma mkokoteni wa duka lile, Jamnadas alimfokea kwamba anatembea kama bibi harusi. Kitwana naye akamuuliza, wewe mtu wa wapi mwenye mdomo mrefu hivi? Alipojibiwa Tabora, Kitwana alicheka akasema kumbe ni Mnyamwezi wangu, na tangu hapo hawakuwahi kusalimiana kwa heshima hata siku moja. Alipofiwa na mama yake kule Buguruni, alisema, Jamnadas alikwenda makaburini peke yake, akakusanya majembe yote akayakalia juu ya kifusi, akasema bibi huyu hazikwi mpaka yeye aletewe soda, kwa sababu amekufa kabla hajamaliza kumtukana. Watu walicheka mpaka shehe akageuka pembeni. Yeye Kitwana alikuwa hajala siku mbili, na siku ile alikula.

Mansukhlal aliteremsha leso. Aliikumbuka siku ile. Kaka yake alirudi na suruali nyeupe imejaa udongo mwekundu, akasema ameteleza mtaroni, na yeye Mansukhlal aliifua kwa mikono yake, akimhurumia. Kumbe hakukuwa na mtaro. Miaka yote ile kaka yake alikuwa na mtu wa kucheka naye huko nje, na nyumbani akaleta udongo tu. Mansukhlal aliona wivu, wivu wa kitoto kabisa, na nyuma yake uchungu ambao kwa siku kumi na mbili hakuwa ameupa nafasi kwa sababu alikuwa na barua za kuandika.

"Sheria yetu ni rahisi, mzee," Sadalla akasema. "Utani haukai kwa mtu mmoja, unakaa kwa ukoo. Ukisema nyinyi si Wanyamwezi wa huyu bwana, basi ni mwizi, na nawakabidhi sasa hivi, yeye na kiti. Ukisema ndiyo, hakuna kosa, hakuna wa kurejeshwa, na kiti utakikomboa kama anavyokomboa kila mfiwa. Uamuzi ni wako."

Benedikta akamnong'oneza kwamba jibu ni hapana. Aseme hapana tu, bajaji inasubiri, kesho kiti kiko kwenye dua na mtuhumiwa yuko mbele ya kamati, na mkataba utakuwa umefanya kazi kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe. Macho yake yalikuwa yanaomba.

Mansukhlal alikitazama kiti ndani ya nailoni yake. Neno lenyewe lilikuwa dogo. Lakini akilisema, kaka yake angekuwa mzee mmoja tu wa Kihindi aliyeigizwa msibani na mwizi, na yale majembe, na ile soda, na kicheko cha makaburini, vyote vingekuwa havikutokea.

"Mimi ni mdogo wake Mnyamwezi wenu," akasema.

Wakaangaji wakapiga vigelegele, wanaume kwa wanawake. Benedikta akafunga faili lake taratibu. Kisha Sadalla akamtaka Kitwana ataje ukombozi, na Kitwana akasema hataki soda wala sukari. Anataka atukanwe. Tusi moja tu, la haki, mbele ya watu.

Hapo sasa. Mansukhlal alisimama, akakohoa, akanyoosha shati. Watu wakasogea. Akafikiri kwa muda mrefu, kisha akasema Kitwana si mtu mzuri sana. Yule mama wa kibua akasema hiyo ni salamu. Akaambiwa ajaribu tena, akajaribu: alisema samaki wa Kitwana wananuka. Kitwana akamshukuru, kwani samaki asiyenukia hauziki. Kijasho kikamtoka mzee wa watu. Benedikta, ambaye hakuweza kuona kazi inafanywa vibaya, alianza kumtajia matusi ya Kingoni sikioni, lakini hayakukalika mdomoni mwake. Akakaa tena kwenye kreti, akasema hawezi. Tusi halimo ndani yake, lilikuwa kwa kaka yake, na limeondoka naye.

Kitwana akaepua karai. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mikono yake haikuwa na kazi, na haikujua pa kukaa.

"Mimi sikikatalii kwa ubaya, mzee," akasema. "Ila nikishakirudisha hiki, ndo basi tena. Kila mtu siku hizi ananiamkia. Shikamoo babu, shikamoo babu. Nani atanitukana mimi?"

Na Mansukhlal akahisi kitu kinampanda, kitu alichokikunja miaka sabini, na leso haikutosha kukizuia.

"Mjinga mkubwa wewe," akasema. "Siku zote hizi nimekaa pale mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, sina wa kunifokea, na wewe umekaa hapa unakaanga samaki, huna wa kukufokea, halafu unajiita mtani. Mtani gani anabeba kiti anamwacha mfiwa? Si ungekaa? Ungekaa palepale, ukala na sisi, ukatukera mpaka tuchoke. Miaka thelathini kaka yangu anakutafutia kazi ya hicho kichwa, na kazi pekee aliyoiona kinaiweza ni kubebea mizigo."

Kisha Sadalla, kalamu mkononi, akaomba kwa adabu sehemu ya mwisho irudiwe polepole, iingie kwenye kumbukumbu za kikao. Hapo ndipo Feri ilipopasuka kwa kicheko. Kitwana alicheka akainama, akainuka anajifuta macho na kanga ya muuza kachumbari, akidai ni moshi, ingawa karai alikuwa ameliepua kitambo. Mansukhlal naye alikuwa analia waziwazi, mbele ya watu na vibua, na hakuona haya.

Kiti kilifungwa kamba juu ya bajaji. Kitwana hakuingia, alisema ana samaki motoni, jambo ambalo kila mtu aliona si kweli. Njia nzima Benedikta alilikumbatia faili lake. Maombi ya kwanza katika historia ya mkataba wake yalikuwa yamekataliwa, tena na mwombaji mwenyewe.

Kesho yake, siku ya kumi na tatu, Darshana alishuka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kufungua mlango wa chini, akamkuta mtu ameshafika. Alikuwa amevaa shati jeupe, vifungo vimekaa sawa, kwapani kifuko cha kunde mbichi, na alikuwa akilishika kufuli la duka na kulaumu kwa sauti kwamba watu wanaouza makufuli hawana aibu kufungia kwao takataka ile. Huko juu, Mansukhlal alisikia ile sauti akaketi kitandani. Alitafuta miwani, akatafuta kandambili, na alipokuwa akishuka ngazi alikuwa tayari anajibu.

Benedikta alifika saa tatu na faili lake, kwa sababu faili halifungwi bila matokeo. Alisimama ukumbini, ambako kiti kilikuwa kimewekwa mbele kikisubiri dua, akamtazama Mzaramo akigawa chai kwa watu waliovaa nyeupe huku akiwauliza kama wananunua au wanapapasa, na mara hii walicheka, hata wale walioduwaa mwanzo. Akatoa kalamu, akafikiri, akaandika kwenye nafasi iliyobaki: mtuhumiwa hakurejeshwa, amekuja mwenyewe.